Nafasi ya Tano

Wameanza tena. Ubao wao ni mlango wa bati
wa banda la Mashauri, muziba pancha, hapa Mabatini,
na chaki wamemwibia mwalimu wa shule ya msingi
ambaye ni mmoja wao, kwa hiyo si wizi.
Wanapanga kumi bora wa zama zetu,
zama za timu ya Kiwanda cha Nguo na timu ya Reli,
kikapu kilipokuwa kazi, na kazi ikilipwa
doti mbili za kitenge, sukari kilo tano,
na jina lako kutajwa redioni
na mtu aliyelikosea.

Namba moja haina ugomvi: Kashinje.
Haina ugomvi kwa dakika nne.
"Kashinje alikuwa mrefu tu," anasema Rugemalila.
"Hata nguzo ya umeme ni ndefu, mbona hatuiiti bingwa?"
"Nguzo haifungi pointi thelathini na saba kwenye fainali!"
Mashauri ananyanyua tyubu kutoka kwenye karai
kama hakimu anyanyuaye kielelezo. Inatoa mapovu.

Kila mtu na kipimo chake.
Mwalimu anahesabu vikombe.
Makoye anahesabu majeraha:
asiyecheza na goti bovu, kwake, hajacheza.
Kijana mmoja mwenye simu, aliyezaliwa
magoli ya uwanja ule yameshang'olewa yakauzwa chuma chakavu,
anauliza wastani kwa kila mchezo,
na wazee wanamtazama
kama aliyeuliza bei ya maji ya ziwa.

Kuna wanaomtaka Sayi, wa mkono wa kushoto,
aliyeruka, akakaa kwanza huko juu, akafikiri,
ndipo akashuka.
Kuna wanaomtaka Faraji wa Reli:
alikupokonya mpira, nawe ukaendelea
kudundisha hewa hatua tatu.
Nafasi ya tano wameifuta mara sita.
Bati pale limekuwa jeupe.

Mimi nimekuja kuziba pancha.
Hawajui, au wamesahau, ni yale yale,
kwamba meza ya pembeni na kengele yake
na daftari lenye jalada gumu
vilikuwa vyangu misimu kumi na mmoja.
Thelathini na saba? Huo ni mwandiko wangu.

Usiku ule, kipindi cha pili,
visubi walipanda kutoka ziwani
kama moshi wenye njaa, wakavamia taa.
Refa alivuta pumzi apulize filimbi, akameza wadudu.
Nilipangusa ukurasa kwa kiganja, wino ukatambaa.
Mkono ukainuka chini ya goli. Wavu ukatikisika.
Nani? Uwanja mzima ukajibu: Kashinje!
Nikaandika: Kashinje, mbili.

Kesho yake Bulugu alinikuta sokoni Kirumba,
kidole kimefungwa kitambaa,
akasema bila kinyongo, kama mtu arudishaye chenji:
"Dada Nyanjige, lile la mwisho lilikuwa langu."
Nikamwambia nitarekebisha.
Daftari lilikuwa limeshapigwa muhuri.

Jina kubwa huvuta pointi
kama taa ivutavyo visubi.
Na daftari langu lilikuwa na aibu ya pili:
halikuwa na safu ya pasi.
Misimu kumi na mmoja Bulugu alitoa,
akatoa, akatoa,
nami nikaandika waliopokea.

"Haya mama, gurudumu lako hilo."
Mashauri anafuta mikono kwenye suruali.
"Hebu na wewe, ya tano ungempa nani?"
Ananiuliza kama unavyomkaribisha maji
mgeni ambaye umeshamwona anaondoka.
Chaki ikanifikia.

Nimeandika Bulugu. Mkia wa g ni ule ule.
"Ndiye nani huyo?" anasema kijana wa simu.
Mwalimu anakunja uso, anachimba, anachimba.
"Aaa! Yule mfupi? Yule… alifunga ngapi hasa?"

"Mbili zaidi ya zilizoandikwa," nikasema,
nikalipa elfu yangu, nikapanda baiskeli.
Kwenye mteremko nikasikia kitambaa
kikisugua bati. Au labda ni tairi ya nyuma,
hajaikaza vizuri.